Kiti Kimoja, Marais Wawili: Kisa cha Manispaa ya Mocímboa da Praia

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu, watoto wakifundishwa somo la uraia huambiwa kwamba serikali ya mji au ya mtaa ndiyo serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi. Ni kweli, lakini kitabu hakiwaelezi ukaribu huo unaweza kufikia wapi. Mwezi wa Septemba mwaka 2005, katika mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Msumbiji, watu wapatao 12 walipoteza maisha, makumi wakajeruhiwa na nyumba zikachomwa moto, kisa ni kiti cha mkuu wa manispaa. Walikuwa majirani, wanachota maji pamoja na kununua samaki kwenye soko moja. Mji wenyewe ni Mocímboa da Praia.

Wengi wetu tulianza kulisikia jina hilo katika taarifa za habari kuanzia mwaka 2017, na tangu hapo limekuwa jina la vita tu. Makala hii inataka kurudi nyuma kidogo, kwenye mambo ambayo hayapigiwi kelele: nani alikuwa akitawala pale, kwa karatasi gani, kwa lugha gani, na kile kiti kilichomwagiwa damu kilikuwa na uwezo gani hasa.

MJI NA WATU WAKE

Neno "da Praia" ni la Kireno, maana yake "ya pwani", kwa kuwa iko Mocímboa nyingine huko bara, upande wa mto Ruvuma. Hii ya pwani iko katika mkoa wa Cabo Delgado, kusini ya Palma. Wakazi wa pwani ni Wamwani, Waislamu karibu wote, wavuvi, mabaharia na wafanyabiashara. Lugha yao, Kimwani, ina udugu wa karibu na Kiswahili, na mtu wa Mtwara au Kilwa akikaa nao siku mbili tatu atajikuta anashika maneno mengi bila mwalimu. Pamoja nao wako Wamakonde, ambao asili yao ni nyanda za juu za Mueda na wengi wao ni Wakristo, na wako Wamakua. Kiswahili nacho kinatumika sana kwa sababu ya biashara na undugu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Zamani watu wa pwani hii walijua kuandikiana na serikali. Katika karne ya 19 masheikh na wakuu wa miji, kuanzia Tungi huko kaskazini hadi Quissanga, walipeleka barua zao kwa Wareno wa kisiwa cha Ibo kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua hizo zimehifadhiwa Maputo mpaka leo, na mtafiti wa Kimsumbiji Chapane Mutiua amefanya kazi kubwa ya kuzisoma na kuzieleza. Hebu fikiria hali hiyo, ndugu msomaji: mkubwa wa Kireno anapokea barua mezani kwake, hawezi kuisoma, inabidi aite mkalimani amweleze sheikh fulani anataka nini. Mwenye lugha ya serikali ni mtu wa pwani, na mgeni ndiye anayesomewa.

Hali hiyo iligeuka kwa muda wa kizazi kimoja. Mwaka 1887 Wareno waliichukua Tungi kwa nguvu kutoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 Ureno ikaikodisha nchi yote ya kaskazini kwa kampuni, Kampuni ya Niassa, ambayo ilipewa haki ya kutoza kodi, kukusanya ushuru wa forodha na kukamata watu wa kazi. Kampuni hiyo ilitawala mpaka mwaka 1929. Kodi ya kibanda na kazi za kulazimishwa ziliwafanya watu wengi wavuke Ruvuma kukimbilia Tanganyika, na baadhi ya familia za kusini mwa Tanzania bado zinasimulia jinsi babu zao walivyovuka.

Baada ya kampuni kuondoka walikuja maafisa wa serikali yenyewe ya Kireno, na chini yao machifu waliowekwa kusimamia kodi na vibarua. Sheria iliwagawa watu mafungu mawili, raia na wenyeji. Ili mwenyeji ahesabiwe raia ilimlazimu athibitishe kwamba anasema Kireno na anaishi kama Mreno. Mwislamu aliyehitimu chuoni, anayesoma na kuandika kwa Kiarabu na Kimwani, mbele ya sheria hiyo hakuwa amesoma. Sheria ile ilifutwa mwaka 1961. Ukihesabu tangu kampuni, ni miaka sabini mtu wa Mocímboa anatawaliwa bila kuulizwa, na elimu yake haitambuliwi kuwa elimu.

Miaka mitatu baada ya hapo, Septemba 1964, Frelimo ilianza vita vya ukombozi katika mkoa huohuo wa Cabo Delgado, na nyanda za Wamakonde zikawa ngome yake. Mji wa pwani ulibaki mikononi mwa Wareno mpaka mwisho. Jambo hili lishike vizuri maana litarudi mbele. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, waliopigana walikuwa na heshima, baadaye na pensheni, na wengi wao walikuwa watu wa Mueda. Malalamiko ya Wamwani kwamba nchi ina wenyewe na wao si miongoni mwao, yana mizizi hapo. Mimi sisemi malalamiko hayo ni ya haki yote. Wako Wamwani waliopigania uhuru, na wako Wamakonde waliobaki maskini wa kutupwa. Lakini katika siasa ya mji mdogo, watu wanachoamini juu ya majirani zao kina nguvu kuliko takwimu.

Serikali mpya iliwaondoa machifu, ikaweka vikundi vya chama na makatibu wa mitaa. Katibu wa mtaa, ambaye wenyewe humwita sekretario, ndiye anayemjua kila mtu: nani kahamia, nani kafiwa, nani anataka barua ya utambulisho. Wasomaji wa Zanzibar watamfananisha na sheha wao na hawatakuwa mbali. Mwaka 2000 serikali ilitoa amri ya kuwatambua rasmi viongozi hao wa jamii, makatibu pamoja na machifu wa jadi.

MANISPAA ILIVYOUNDWA

Baada ya mkataba wa amani wa Roma wa mwaka 1992 kati ya Frelimo na Renamo, ilikuja habari ya kugawa madaraka. Sheria ya manispaa ilipitishwa mwaka 1997, na miji 33 ikachaguliwa kuanza. Katika Cabo Delgado nzima ilikuwa mitatu tu: Pemba, Montepuez na Mocímboa da Praia. Kila manispaa ilipewa bunge dogo la kuchaguliwa, ambalo kwa mji mdogo kabisa lina wajumbe 13, baraza la utendaji, na mkuu wa baraza hilo ambaye kwa Kireno huitwa presidente. Sisi tungesema meya. Nalieleza hili ili mtoto akisikia mji ule ulikuwa na "marais wawili" asidhani ni marais wa nchi.

Uchaguzi wa kwanza, tarehe 30 Juni 1998, ulisusiwa na Renamo. Nchi nzima waliojitokeza kupiga kura walikuwa kiasi cha 15 kwa mia tu. Uchaguzi wa pili, Novemba 2003, Renamo iliingia na ikachukua miji kadhaa ikiwemo Beira na Nacala. Mocímboa da Praia ilibaki kwa Frelimo, lakini kwa kubanana.

Sasa tuulize, huyo presidente anatawala nini? Anasimamia soko na ushuru wake, taka, mitaro, taa za barabarani, barabara za ndani ya mji, ugawaji wa viwanja, machinjio na makaburi. Mama anayeuza maandazi sokoni hulipa ushuru wa siku na kupewa kikaratasi. Kikaratasi hicho ndicho serikali yake anayoishika kwa mkono. Watu wazima hutakiwa kulipa kodi ya kichwa ya manispaa kila mwaka, ambayo kwa sheria ya fedha ya mwaka 2008 hupimwa kwa kima cha chini cha mshahara, asilimia 4 katika jiji kubwa na asilimia 1 katika miji midogo. Kwa kuwa makusanyo hayo hayatoshi, serikali kuu huongeza fungu kutoka Maputo, na bila fungu hilo mji mdogo hauwezi hata kuzoa taka.

Polisi haimo katika orodha hiyo. Polisi ni wa serikali kuu. Shule na hospitali kwa sehemu kubwa ziko chini ya wilaya, na mkuu wa wilaya huteuliwa kutoka juu, hachaguliwi na mtu yeyote wa pale. Hivyo ndani ya mji mmoja kuna ofisi mbili, ya presidente aliyechaguliwa, ambaye ana soko na makaburi, na ya mkuu wa wilaya aliyeteuliwa, aliye karibu na bunduki na bajeti. Mwananchi akiwa na shida mara nyingi hajui aanzie wapi, na ofisi mojawapo ikitaka kumkwepa, njia ni rahisi, humwambia aende ile nyingine.

SEPTEMBA 2005

Presidente aliyechaguliwa mwaka 2003 alifariki akiwa madarakani, ukaitishwa uchaguzi mdogo tarehe 21 Mei 2005. Frelimo ilimsimamisha Amadeu Pedro, Renamo ikamsimamisha Saide Assane. Tume ikamtangaza Amadeu Pedro mshindi, tofauti ikiwa ni mamia ya kura tu. Renamo wakasema wameibiwa. Walikata rufaa wakashindwa.

Hapa inafaa tukumbuke Montepuez, manispaa jirani katika mkoa huohuo. Novemba 2000, kufuatia maandamano ya Renamo kupinga matokeo ya uchaguzi mkuu, watu wengi walikamatwa na kusukumwa katika chumba kimoja cha mahabusu, na zaidi ya 80 wakafa kwa kukosa hewa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Kwa hiyo mwaka 2005 hakuna mtu wa Cabo Delgado ambaye hakujua ugomvi wa kura unaweza kufika wapi. Walijua, na bado ukafika.

Mwanzoni mwa Septemba wafuasi wa Renamo walimwapisha mtu wao kwa sherehe yao wenyewe, wakamtangaza kuwa ndiye presidente halali. Kukawa na wakuu wawili wa mji mmoja. Wafuasi wa pande mbili wakakutana barabarani, polisi wakaingia kati, na kilichofuata nimekwisha kukitaja hapo juu. Vyama vilikuwa viwili, lakini nyumba zilizochomwa zilijulikana ni za kabila gani. Wamwani walihesabiwa kuwa wa Renamo na Wamakonde wa Frelimo, awe mtu amepiga kura au hakupiga.

Wako waliosema, na bado wako wanaosema, kwamba ulikuwa ujinga: watu kufa kwa ajili ya kiti cha kuzoa taka. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Tazama tena zile ofisi mbili. Mkuu wa mkoa wakati ule aliteuliwa. Mkuu wa wilaya aliteuliwa. Mkuu wa polisi aliteuliwa. Katika mji mzima kiti kile ndicho pekee ambacho mvuvi wa Milamba na mkulima wa Nanduadua waliweza kukigusa kwa kidole chao chenye wino. Kila kilichokuwa moyoni mwa watu, tangu kodi ya kampuni mpaka pensheni za vita, kilibebeshwa kiti hicho kidogo, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kubebeshwa. Kuua si halali kwa hilo, na hakuna aya wala hadithi atakayoitafuta mtu ikamhalalishia damu ya jirani kwa kura. Lakini si ujinga.

Mtume (S.A.W.) alipomtahadharisha Abu Dharr (R.A.) na uongozi alimweleza kuwa ni amana. Sisi katika mawaidha yetu tumezoea kuitazama amana hiyo kwa yule anayekaa kitini. Mocímboa ya 2005 inatuonyesha kwamba anayehesabu karatasi usiku chini ya taa ya chemli naye ameibeba. Huenda hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa. Taabu ilikuwa kwamba nusu ya mji haikuwa na sababu ya kuiamini, na hakuna aliyefanya kazi ya kuwapa sababu hiyo kabla ya siku ya kura.

MASHTAKA YA MISIKITINI

Miaka iliyofuata ndani ya mji kukatokea kundi la vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao. Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira walichapisha uchunguzi wao juu ya kundi hilo mwaka 2019, na mwanahistoria Eric Morier-Genoud akaandika juu yake mwaka uliofuata. Wanaeleza vijana walioingia misikitini na viatu, waliokataza watoto kwenda shule za serikali, waliowaita maimamu wao makafiri na wakajenga sehemu zao za kusalia. Wenyeji wakawaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia.

Jambo ambalo Waislamu wengi hawalijui, na ambalo naona ni wajibu kulisema kwa sababu tumelaumiwa sana, ni kwamba wa kwanza kuwashitaki vijana hao walikuwa ni Waislamu wenyewe. Viongozi wa misikiti walikwenda serikalini wakasema: hawa si wetu, na wanatutisha. Baadhi ya vijana walikamatwa. Lakini muda mwingi jambo hilo lilichukuliwa kuwa ugomvi wa ndani wa Waislamu, wa dhehebu na dhehebu, lisiloihusu serikali. Ofisi ya kuchaguliwa haikuwa na polisi, na ofisi yenye polisi haikuchaguliwa na waliokuwa wakilalamika. Siwezi kudai kwamba hiyo ndiyo sababu ya vita. Vita ile ina sababu nyingi, na utajiri wa gesi ya Palma na umaskini uliouzunguka ni miongoni mwake. Ila mzee aliyetoka msikitini kwenda kutoa habari alihitaji mlango mmoja wa kugonga, na hakuwa nao.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya mji vilishambuliwa. Mwezi Machi 2020 wapiganaji waliingia na kuushika mji kwa saa kadhaa. Agosti 2020 waliuteka pamoja na bandari, wakakaa nao karibu mwaka mzima. Manispaa ikabaki jina: baraza bila mji, watu wametawanyika Pemba, Nampula, Mueda na kwingineko, wengine walifika mpaka mpaka wa Tanzania na wako waliorudishwa. Tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji. Waliuingia mji mtupu, majengo ya serikali na benki yameharibiwa.

WALIPORUDI

Kuanzia mwaka 2022 wakazi walianza kurejea kwa makundi. Kwa mji uliokimbiwa hivyo, kazi ya manispaa huanzia chini kabisa. Kiwanja hiki kilikuwa cha nani, ikiwa hati imeungua na jirani shahidi amekufa? Nani ana haki ya kibanda hiki sokoni? Waliozikwa kwa haraka bila kuoshwa wala kukafiniwa, nani anajua walipo? Maswali ya mirathi na eda yanategemea majibu hayo, na masheikh wanahitaji daftari la katibu wa mtaa kama vile katibu anavyohitaji ushahidi wa masheikh. Mke ambaye mumewe alichukuliwa mwaka 2020 na hajulikani kama yu hai, suala lake ni la fiqhi na ni la ofisi ya serikali kwa wakati mmoja.

Oktoba 2023 mji ulipiga kura tena, safari hii kwa utaratibu mpya. Tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2018, mpiga kura hachagui tena mtu kwa jina lake kuwa presidente. Anachagua orodha ya chama, na aliye wa kwanza katika orodha inayoongoza ndiye anayekalia kiti. Wanaoutetea utaratibu huo wanasema unaondoa mvutano wa bunge la chama hiki na mkuu wa chama kile. Mimi nauona kuwa umekisogeza mbali kidogo na mwananchi kile kiti pekee alichokuwa akikigusa.

Usalama nao haujatulia. Septemba 2025 washambuliaji waliingia tena katika mitaa ya mji, wakaua, na maelfu ya watu wakafunga mizigo kwa mara nyingine, baadhi yao wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza kuezeka.

Zile ofisi mbili bado zipo. Wakuu wa mikoa walianza kupatikana kwa kura mwaka 2019, na ilitarajiwa kwamba mwaka 2024 wilaya nazo zingefanya uchaguzi wao wa kwanza. Mwaka 2023 katiba ilibadilishwa tena na uchaguzi huo ukaondolewa. Mkuu wa wilaya ya Mocímboa da Praia anaendelea kuteuliwa.

Wallahu a'lam.